Haraka Ndiyo Huvunja Neno

Watu wengi wanaovunja ahadi hawakukusudia kudanganya. Waliombwa, wakajibu "sawa" kabla hawajafikiri, na siku ilipofika hawakuwa na cha kutoa. Anayemkatiza mtu mwenye majonzi naye mara nyingi hana moyo mgumu, amekimbilia tu kumfariji. Hata yule anayesema "nimeshasahau, yamepita" huku kifua kikimwaka, anachotaka ni jambo liishe leoleo. Uadilifu, huruma na kukubali yasiyobadilika hutuponyoka mahali palepale: kwenye sekunde chache za mwanzo, tunapojibu kabla hatujajua tunajibu nini.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi 40 wa theolojia huko Princeton, Marekani. Kila mwanafunzi alitumwa kwenda jengo jingine kutoa mazungumzo mafupi, na njiani alimkuta mtu amejikunyata mlangoni, macho kayafumba, anakohoa na kuugua. Wengine walikuwa wameambiwa kwamba wamechelewa, wengine kwamba wanasubiriwa, na wengine kwamba bado wana nafasi. Waliokuwa na nafasi, asilimia 63 walimsaidia. Waliosubiriwa, asilimia 45. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu. Nusu ya wanafunzi walikuwa wanakwenda kuzungumzia mfano wa Msamaria Mwema, ile hadithi ya Biblia ya msafiri aliyesimama kumsaidia mtu aliyejeruhiwa njiani, na watafiti hawakuona tofauti ya kutegemewa kati yao na wenzao. Mafundisho mema walikuwa nayo kichwani wakati huohuo wanampita mtu anayeugua.

Ndiyo maana siamini sana mawaidha ya "kuwa mwema". Wema tayari upo kwa watu wengi. Kinachokosekana ni mbinu ya kupunguza mwendo mahali panapohusika, na mahali hapo panajulikana: unapoahidi, unapomsikiliza mwenzako, unapoomba radhi, na unapokutana na jambo usiloweza kulibadilisha.

Kabla ya kusema ndiyo

Ahadi ni deni, kila mtu anaijua hiyo. Kinachosahaulika ni kwamba deni lina kiasi na lina tarehe. Ahadi isiyotaja hivyo viwili huzaa ugomvi hata kama pande zote zina nia njema, kwa kuwa kila mmoja amejiwekea kiasi chake na tarehe yake. Ukisema "nitakusaidia ile kazi", wewe unawaza saa mbili za Jumamosi, mwenzako anawaza mpaka kazi iishe. Ahadi iliyokamilika inasema utafanya nini, kwa kiasi gani, lini kitakuwa tayari, na kitu gani kinaweza kukuzuia. Kwa mfano: "Nitakusomea kurasa kumi za mwanzo na kukuwekea alama kwenye makosa, utazipata Alhamisi jioni. Nikiona sitawahi, nitakuambia Jumanne." Sentensi hiyo inachukua muda kidogo kuisema, na muda huo ndio unaokuwezesha kugundua kwamba pengine huwezi.

Tarehe ndiyo inayoponza wengi. Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba watu hukadiria muda mfupi kuliko kazi inavyohitaji, hata pale wanapojua kuwa kazi za namna hiyo zilichelewa zamani. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza lini tasnifu zao. Makisio ya wastani yalikuwa siku 34. Walipoambiwa wakisie kama kila kitu kitakwenda vibaya kabisa, wakasema siku 49. Wastani wa siku walizotumia kweli ulizidi 55. Yaani hata walipojitahidi kuwaza mabaya, hayakuwatosha. Sababu ni kwamba tukikadiria tunaiona kazi yenyewe, hatua moja baada ya nyingine, wala hatuoni homa, mgeni asiyetarajiwa, kifaa kilichoharibika na kazi nyingine zinazoingilia. Kwa hiyo usijiulize "hii itachukua siku ngapi?" Jiulize "mara ya mwisho kazi kama hii ilinichukua siku ngapi?" na useme siku hizo. Ukiwa huna kumbukumbu, chukua makisio yako uongeze nusu yake. Kanuni hii haina ufundi mkubwa, lakini itakusogeza karibu na ukweli kuliko matumaini yako.

Unapoombwa jambo la ghafla, jibu salama ni "naomba nikujibu kesho saa nne asubuhi". Taja saa, kisha ujibu saa hiyohiyo, hata kama jibu ni hapana. Anayesema "nitakuambia" bila kutaja saa ameshatoa ahadi mbovu ya kwanza kabla ya kufika kwenye ombi lenyewe. Kwa jambo litakalokula zaidi ya nusu siku yako, au litakalogusa fedha, nashauri lilale usiku mmoja bila kujali anayeomba ni nani.

Kukataa ni mahali ambapo watu wema husema uongo mwingi kuliko kwingine kote. "Siku hiyo nina mgeni", wakati mgeni hayupo. Ubaya wa kisingizio ni kwamba mwenzako anakutatulia: "Basi tufanye Jumapili." Sasa unahitaji uongo wa pili. Sema "asante kwa kunifikiria, hili sitaliweza", ukome hapo. Ukishinikizwa, rudia maneno yaleyale kwa sauti ileile. Usiongeze sababu, kwa maana kila sababu unayoitoa inafungua mazungumzo mapya ya kuijadili. Wengi wanaona kukataa hivi ni ukavu. Mimi naona ni heshima: mtu anaondoka akijua aende kutafuta msaada kwingine, na bado ana muda wa kuutafuta.

Na ukishaahidi halafu ukaona hutaweza? Toa taarifa siku unapojua, usisubiri siku ya kutimiza. Aibu ndiyo inayotufunga mdomo, na ukimya wetu unamnyima mwenzako siku ambazo angezitumia kujipanga upya. Taarifa yenyewe ifuate mtiririko huu: niliahidi kitu fulani ifikapo siku fulani, sitakitimiza, mpaka sasa nimefika hapa, ninachoweza kufanya ni hiki, siku hii. Sababu ije mwisho, na iwe sentensi moja. Ukiitanguliza, mwenzako anasikia utetezi na anaanza kuupima badala ya kusikia habari inayomhusu. Tarehe mpya iwe mbali kuliko unavyotamani, kwa kuwa kuvunja tarehe ya pili kunaumiza kuliko ya kwanza. Deni la fedha linafuata njia hiyohiyo: nenda kwa mdai kabla ya siku, na sehemu ya fedha mkononi, na ratiba iliyoandikwa ya zilizobaki.

Siri nazo ni ahadi. Mtu akianza na "niapie hutamwambia yeyote", usiape bado. Mwambie: "Nitaitunza, ila kama kuna mtu anaumizwa au yuko hatarini nitalazimika kutafuta msaada." Ukisema hivyo mapema, anachagua mwenyewe. Ukikumbuka baada ya kuapa, hakuna njia utakayoifuata isiyovunja kitu.

Kusikiliza kunaharibikia wapi

Mwaka 2009 watafiti walichapisha kipimo cha mazungumzo ya kawaida katika lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia. Kati ya mtu mmoja kunyamaza na mwingine kuanza kujibu, kwa kawaida hupita takriban milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde. Lakini kuandaa neno moja tu kichwani huchukua kama milisekunde 600. Maana yake ni kwamba msikilizaji huanza kutengeneza jibu mwenzake angali anasema. Katika kupanga safari au kusalimiana hakuna tatizo, mazungumzo ndivyo yanavyokwenda. Kwa mtu anayeeleza lililomchoma moyo, hapo ndipo unapompoteza. Sikio lako linabaki kwenye ile sehemu ambayo tayari una jibu lake, na yaliyofuata hukuyasikia.

Dawa yake ni ndogo mpaka watu huidharau. Mwenzako akinyamaza, vuta pumzi moja na kuitoa kabla hujafungua mdomo, kama sekunde tatu au nne hivi. Mara nyingi ataendelea mwenyewe, na anachokisema baada ya ukimya huo ndicho kilichomleta. Sentensi za kwanza huwa ni za kukujaribu, kuona kama unastahili kuambiwa.

Kisha mrudishie jambo kwa ufupi, kwa maneno yako mwenyewe, ukimalizia na swali: "Kwa hiyo kilichokuuma zaidi ni kwamba habari uliipata kwa watu wengine. Ndivyo?" Ukiwa umekosea atakusahihisha, na hilo ni faida, usijitetee. Kosa la wanaoanza ni kurudia maneno yake neno kwa neno kama kasuku. Mtu anahisi anafanyiwa mbinu, na anajifunga. Kosa jingine ni kurudisha kila sentensi. Mara mbili au tatu katika mazungumzo ya nusu saa zinatosha.

Hatua inayofuata ni swali ambalo lingezuia magomvi mengi ya wanandoa na marafiki: "Unataka nikusikilize tu, au tufikirie pamoja cha kufanya?" Aliyekuja kupumua ukimpa mpango, anaona unamharakisha amalize. Aliyekuja kutafuta mpango ukimpa pole, anaona umemwacha peke yake. Kwa kumtazama usoni huwezi kujua yuko upande gani, na hata anayemfahamu mtu miaka mingi hukosea.

Hapa kuna jambo ambalo nataka kulisisitiza, kwa sababu ushauri wa kawaida unapotosha. Tunaambiwa "jiweke katika nafasi yake". Tal Eyal, Mary Steffel na Nicholas Epley walichapisha mwaka 2018 majaribio 25 kuhusu suala hilo. Waliojaribu kuwaza kwa kujiweka katika nafasi ya mwingine hawakuwa sahihi zaidi katika kujua anachofikiri au kuhisi. Kilichosaidia ni kumuuliza. Ukijiweka katika nafasi yake unabeba historia yako, hofu zako na uzoefu wako kwenda nao, halafu unaita mchanganyiko huo hisia zake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Muulize aliyekilalia: "Kwako wewe limekuwaje?" Halafu amini jibu lake, hata kama wewe ungehisi vingine.

Yapo maneno yanayofunga mlango. "Angalau una watoto wengine." "Wenzako wana shida kubwa kuliko hii." "Usilie." Yote yanamtaka apunguze maumivu yake ili wewe usikie nafuu. "Hata mimi yalinikuta" ni gumu zaidi kuliepuka kwa sababu linatoka kwenye upendo. Ukiona uzoefu wako utamfaa, ngoja mpaka amalize, muombe ruhusa, useme kwa sentensi mbili, na umrudishie mazungumzo papo hapo: "Na wewe sasa uko wapi?" Methali nazo zinaweza kuumiza zikija mapema. "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo" ina hekima kubwa kwa watu wawili ambao wameshakaa, wakasikilizana na kukubaliana kosa lilikuwa wapi. Ukimwambia ambaye bado hajasikilizwa, umemwamuru anyamaze.

Kwa aliyefiwa, "nijulishe ukihitaji chochote" ni maneno mazuri yanayompa kazi. Anatakiwa afikiri anahitaji nini, aamue kama ni haki kukuomba wewe, kisha akutafute. Toa kitu kimoja kilicho wazi, chenye muda, na kilicho rahisi kukataliwa: "Kesho saa kumi jioni nitaleta chakula cha watu watano. Ukitaka nikiache mlangoni nisiingie, ni sawa pia." Kisha fungua kalenda yako papo hapo uandike siku tatu: wiki ya tatu, mwezi wa tatu, na siku ya kutimia mwaka. Wakati wa msiba nyumba huwa imejaa watu. Upweke huja baadaye, wakati kila mtu amerudi kwenye shughuli zake na mwenye msiba anaonekana amezoea. Mwenye kovu usidhani kapoa. Siku hizo mtumie ujumbe, na umtaje marehemu kwa jina lake. Watu huogopa kutaja jina wakidhani watamkumbusha, kana kwamba kuna saa amesahau.

Kuhusu kumhukumu mtu kwa tendo lake, Lee Ross aliandika mwaka 1977 juu ya mwelekeo wa kueleza makosa ya wengine kwa tabia zao huku tukipuuza mazingira yaliyowabana. Kabla hujaamua kwamba fulani ni mzembe au ana dharau, taja kimoyomoyo hali tatu ambazo zingemfanya mtu wa kawaida atende vilevile. Halafu sema ulichokiona, uache ulichokihitimisha: "Tulikubaliana saa tatu, umefika saa nne na nusu. Kumetokea nini?" Sentensi hiyo inajibika. "Wewe hujali muda wa watu" haijibiki, inapiganiwa. Tendo likijirudia mara ya tatu na ya nne, hali tatu za kumtetea hazitoshi tena. Hapo una taarifa kuhusu mtu huyo, na una haki ya kuitumia unapopanga mambo yako.

Usisikilize ukiwa umeishiwa. Mtu mwenye usingizi au hasira za kwingine hutikisa kichwa tu, na msemaji hulijua hilo haraka. Mwambie: "Nataka kukusikiliza vizuri, na sasa hivi kichwa kimechoka. Nitakupigia saa mbili usiku." Kisha upige saa mbili. Mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers alipoeleza mwaka 1957 masharti ya kumsaidia mtu abadilike, aliweka pamoja mambo haya: msaidizi awe mkweli kuhusu hali yake mwenyewe, amkubali anayesaidiwa bila masharti, na amwelewe kwa jinsi yeye mwenyewe anavyoyaona mambo. Alizungumzia tiba, lakini meza ya jikoni inadai vilevile. Huruma isiyo na ukweli hugeuka kuwa maneno matamu, na ukweli usio na huruma humfukuza mtu kabla hajaufaidi.

Radhi inayotengeneza

Mwaka 2016 Roy Lewicki na wenzake walitaja sehemu sita za kuomba radhi: kuonyesha majuto, kueleza kilichotokea, kukiri kwamba kosa ni lako, kuahidi kutorudia, kujitolea kurekebisha, na kuomba msamaha. Walipopima uzito wake kwa wasikilizaji, kukiri kosa kulikuwa juu ya yote, kukifuatiwa na kujitolea kurekebisha. Kuomba msamaha kulikuwa mwisho kabisa. Tazama tunavyofanya: tunaruka kukiri, tunapita haraka kwenye kurekebisha, tunakimbilia "basi nisamehe". Ombi hilo likija peke yake linamtupia aliyeumizwa mzigo wa kukufanya wewe ujisikie vizuri.

Haraka inaharibu kwa namna nyingine pia. Cynthia Frantz na Courtney Bennigson walionyesha mwaka 2005 kwamba radhi iliyokuja baadaye katika mzozo iliridhisha zaidi kuliko iliyokuja mapema, kwa kuwa aliyekosewa alikuwa ameshapata nafasi ya kusema na kuhisi ameeleweka. Kwa hiyo nenda, keti, anza na "nimekuja kukusikiliza, nieleze lilivyokuumiza", na usimkatize hata akikosea jambo dogo. Radhi ifuate. Kungoja kwenyewe kuwe kwa mazungumzo hayo, siku moja au mbili, na si miezi.

Maneno yenyewe yawe ya wazi: "Nilimweleza ndugu yako jambo uliloniambia kwa siri. Ilikuwa kosa langu, wala hukunipa ruhusa. Leo nitamwambia kwamba nilikosea kulisema na kumwomba asilipeleke mbele. Tangu sasa nikiulizwa habari zako nitasema wakuulize wewe." Angalia yanayoharibu: "kama nimekukosea", inayotilia shaka kosa lenyewe, "lakini", inayofuta yaliyotangulia, na "mambo yaliharibika", ambapo kosa halina mtendaji. Kosa la hadharani lisahihishwe hadharani, mbele ya walewale walioliona. La faragha libaki faragha. Ukimaliza, usisubiri jibu kwa macho ya kudai. Na wewe ukiombwa radhi kabla hujawa tayari, hulazimiki kusema "hamna shida". "Nimekusikia, nashukuru, naomba muda" ni jibu la kweli.

Kukubali bila kujidanganya

La kuvunda halina ubani. Kukubali ni kuacha kubishana na jambo ambalo limeshatokea, na hakumaanishi kuliona jema. Hili lazima lisemwe kwa sauti kwa sababu neno "vumilia" limewabakiza watu wengi mahali wanapoumizwa. Anayepigwa hatakiwi kukubali kupigwa. Anachohitaji kukikubali ni ukweli kwamba mtu huyu hupiga, kwamba alishaahidi kuacha na hakuacha, kisha aamue kwa kufuata ukweli huo: amwambie mtu anayemwamini, atafute mahali salama, apate msaada wa sheria. Kukubali kwa kweli humfungulia mtu njia ya kutenda.

Kukataza hisia hakufanyi kazi. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasiwaze juu ya dubu mweupe kwa dakika tano, na wapige kengele kila akiwajia. Kengele zililia. Baadaye waliporuhusiwa kumuwaza, waliwaza juu yake zaidi ya wale ambao hawakuwa wamekatazwa. Ukijiamuru "sitaki kulifikiria tena", umejiwekea mlinzi ambaye kila saa lazima alitaje ili ahakikishe halipo. Kinachosaidia zaidi ni kuitaja hisia kwa jina lake. Matthew Lieberman na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba mtu anapotaja kwa neno hisia iliyo kwenye picha ya uso, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, inayohusika na hofu, hupungua msisimko. Jina liwe la karibu na ukweli. "Sijisikii vizuri" ni pana mno. "Nina wivu", "nimeona aibu mbele ya wadogo zangu", "naogopa kubaki peke yangu" ndiyo yanayofanya kazi. Andika kwa dakika kumi, kisha simama ufanye jambo la mikono. Ukiona huzuni imekukaa karibu siku nzima kwa wiki mbili, usingizi au hamu ya kula imekwisha, muone mtaalamu wa afya. Yakija mawazo ya kujidhuru usihesabu wiki, nenda siku hiyohiyo na uende na mtu.

Epictetus, mwanafalsafa wa karne ya 1 aliyezaliwa utumwani, alifundisha kutenganisha yaliyo katika uwezo wetu na yasiyo katika uwezo wetu. Ufundi uko katika kuyatenganisha kwenye karatasi, kwa sababu kichwani yanachanganyika tena. Andika kwanza kilichotokea, bila sifa wala lawama. Chini yake andika yanayoamuliwa na wengine. Chini kabisa andika ambayo mkono wako mwenyewe unaweza kufanya ndani ya siku saba. Orodha ya mwisho huwa fupi, wakati mwingine ni jambo moja, na jambo hilo lifanye leo. Kosa la kawaida ni kuingiza moyo wa mtu mwingine katika orodha hiyo: "nimfanye anielewe". Kuelewa ni kwake. Lako ni "nimweleze mara moja, kwa utulivu, akiwa hana haraka".

Ndugu wasiobadilika ndio mtihani mgumu. Kumkubali mtu ni kupanga kwa kufuata alivyoonyesha kuwa, ukaacha kupanga kwa kufuata unavyotaka awe. Kwa ndugu anayechelewa kila mara, wengi humdanganya saa: shughuli ni saa nane, yeye anaambiwa saa sita. Akigundua hataamini saa yoyote utakayomtajia, na umetoa uadilifu wako kulipia tabia yake. Mwambie saa ya kweli, na mwambie mapema: "Saa nane tunaanza, ukichelewa utatukuta tumeendelea." Ikifika saa nane, anzeni. Akiingia saa tisa, mpeni kiti bila maneno ya pembeni, maana mlishakubaliana.

Usianze na haya yote kwa pamoja. Chagua mahali pamoja unapoteleza zaidi, uandike mpango wa "ikiwa hivi, basi hivi". Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba mpango unaotaja hali na tendo hutimizwa zaidi kuliko nia ya jumla, kwa sababu hali yenyewe ikitokea ndiyo inayokukumbusha. "Nitakuwa mkweli zaidi" hakuna kinachoiamsha. "Nikiombwa jambo kwa simu, nitasema nitajibu kesho saa nne" inaamshwa na simu. Kaa na mpango huo mmoja wiki kadhaa kabla ya kuongeza wa pili.

Tarajia malalamiko kutoka kwa waliozoea "ndiyo" yako ya papo kwa papo. Watasema umebadilika, umekuwa na maringo. Usiwaeleze falsafa yako. Waambie: "Nataka nikikuambia ndiyo iwe ndiyo", kisha wape saa utakayowajibu.